Marahaba ya Kigwe

Mnataka kucheka, nami nitawachekesha, ila nawaomba mapema, nikifika pale katikati mtu asinitazame usoni, maana aibu hii nimekaa nayo miaka na miaka na mpaka leo ikinijia ghafla nasema "aa!" kwa sauti, mke wangu anauliza kulikoni, namwambia mbu. (Mbu Dodoma, tena kiangazi! Na yeye ananyamaza tu, mwanamke mwenye heshima zake.)

Wakati huo Mjerumani ndiyo kwanza amepitisha reli Dodoma, nami nilikuwa mtu wa mizani pale stesheni, napima ngozi za ng'ombe na magunia ya karanga, nimevaa kanzu nyeupe na kilemba kikubwa kuliko kichwa chenyewe. Jina langu Salumu. Yaani ndilo nililojipa. Mama yangu, Nyemo, alinizaa Ihumwa, mwendo wa asubuhi moja tu kutoka stesheni, akaniita Ndahani, Mgogo wa baba na mama, mtoto wa kuchunga ndama na kula ugali wa uwele kwa mlenda. Lakini nilipokwenda kutandika reli kule Morogoro nikalala kambi moja na watu wa pwani, na watu wale ukiwaambia wewe Mgogo basi umekwisha, mshenzi huyo, amejipaka mafuta na udongo mwekundu, watakucheka mpaka tonge likukwame. Kwa hiyo jioni moja mwenzangu aliponiuliza kwetu wapi nikasema Kondoa, baba yangu mfanyabiashara, asili yake Pangani. Nikaendelea kula. Nilidhani limeishia hapo.

Kumbe ndiyo kwanza linaanza, maana kila siku likawa linataka kutunzwa. Paji la uso langu lina ndonya, ile alama ya duara ya kwetu, basi kilemba nikakishusha mpaka kwenye nyusi. Masikio yangu yalitobolewa na kuvutwa tangu utotoni, nayo kilemba kikayameza. Meno mawili ya chini yaling'olewa kama ya wenzangu wote, hayo nikasema nilipigwa teke na nyumbu wa Mjerumani. (Nilieleza mpaka rangi ya nyumbu.)

Yule aliyeniuliza kwetu wapi ndiye Feruzi, fundi seremala wa Bagamoyo, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, na mkewe Zuhura alikuwa na mdogo wake, Mwanaidi, ambaye nilimwona mara tatu tu nikakosa usingizi. Nikaposa. Zuhura akasema sawa, shemeji, lakini mdogo wangu simtumi bara kwa mtu nisiyeona anakaaje na anakaa na nani, tutakuja tutembee, tuone, halafu utapata jibu. Ndivyo walivyokuja, kwa treni, na kikapu cha halua.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri ajabu. Niliwaonyesha stesheni na mizani yangu, nikawapeleka kutazama boma na askari wakipiga gwaride, tukapanda mawe makubwa yale ya kilimani, Feruzi akachana kanzu yake matakoni akashuka kinyumenyume kwa kuwa mkewe alikuwa anamcheka. Zuhura alicheka siku nzima. Alisema upepo wa huku mkavu lakini mzuri, Mwanaidi ataupenda, na mimi niliposikia lile neno "ataupenda" nikataka kumbusu punda.

Jioni Feruzi akasema, "Salumu ndugu yangu, nimesikia Wagogo wana ngoma ya wanawake, wanawake ndio wapigaji, ngoma wanaibana kwa magoti. Hiyo siondoki sijaiona."

Ilikuwa baada ya mavuno, ngoma zilikuwa kila mahali, ila ya karibu kabisa ilikuwa Ihumwa, na mpigaji mkuu wa Ihumwa alikuwa ni nani kama si mama yangu? Mavuno mawili nilikuwa sijakanyaga kwake. Samli aliniletea kwa mikono ya wachungaji, nikala, sikumpelekea hata salamu. Basi nikasema, twendeni Kigwe, kule upande wa machweo, ngoma ya Kigwe ndiyo yenyewe.

Sasa sikilizeni nilivyo mjinga. Kesho yake asubuhi tunangoja treni, akaja mjomba wangu, kaka wa mama, na ngozi zake begani, akaniita kwa Kigogo mbele ya Feruzi, "Ndahani, mama yako amenituma nikwambie..." Nami nikamkatiza pale pale, kwa Kiswahili, tena kwa sauti ya kikarani, "Mzee, umepotea. Hapa hakuna Ndahani. Weka ngozi ungoje mizani." Mjomba akanitazama kuanzia kilemba mpaka viatu, akatema mate pembeni, akazibeba ngozi zake akaondoka. Na maneno aliyotumwa yalikuwa haya, nilikuja kuyajua baadaye: mama yuko Kigwe kwa mdogo wake, ameitwa kuongoza ngoma ya mavuno, vidole vimeanza kumkakamaa na huenda ikawa ndiyo mara yake ya mwisho, anaomba mwanawe aje amwone akipiga.

Basi nikapanda treni, nikawalipia na wageni.

Tulifika Kigwe jua limepanda, tukaifuata sauti mpaka kwenye uwanja mbele ya tembe moja ndefu, watu wamejaa, vumbi jekundu, wanaume upande mmoja wanarusha mabega na njuga zinalia miguuni, na wanawake mbele na ngoma zao. Feruzi akasema, "Lahaula!" akasukumana mpaka mstari wa mbele, akanivuta. Nikainua macho. Mpigaji wa katikati, shingo imejaa shanga, macho ameyafumba, ndiye.

Jamani, nilijificha nyuma ya mgongo wa Feruzi kama kuku. Nikasema tumbo linaniuma. Feruzi akasema likuume, tumetoka Dodoma kwa ajili ya hili. Nikasema nasikia treni. Zuhura akasema, "Treni jioni, shemeji, umetuambia mwenyewe." Nikasema jua kali. Zuhura akanipa mtandio wake nijifunike, nami nikajifunika, dume zima na mtandio wa maua juu ya kilemba, na ndiyo kwanza watu wakaanza kunitazama.

Mama alikuwa na desturi yake, wote waliomjua waliijua. Ngoma ikichemka humpa mwenzake aishike, yeye hutoka akamtafuta mtu wa kwao, humshika mkono, humwingiza uwanjani na kumwimbia jinsi alivyozaliwa, mvua ilinyesha au haikunyesha, nani alimkata kitovu, ng'ombe gani alichinjwa. Utotoni nilikuwa nikipigana na ndugu zangu ili anishike mimi. Sasa alifumbua macho, akaona mtandio, akacheka kama wengine, kisha akaona aliyejifunika. Niliuona uso wake ukifunguka. Hajatokea tena mtu aliyefurahi kuniona namna ile, wala simtegemei mwingine.

"Mbukwa, mwanangu!" akasema, hiyo ndiyo salamu yetu. Akanishika mkono akanivuta.

Mtandio ukaanguka. Nilikaza miguu, walahi nilikaza, lakini ngoma ile niliinyonya pamoja na maziwa, miguu ikaniasi, mara mabega yanakwenda, shingo inakwenda, nimeruka mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu kilemba kikafunguka chote kikaburutika vumbini kama utumbo. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama akaanza kuimba, "Ndahani, Ndahani wa mwaka wa njaa, nilikubeba nikitafuta maji..." Na mimi pale katikati kichwa wazi, ndonya nje, masikio nje yananing'inia, nacheza kuliko wenyeji.

Feruzi hakucheka. Hilo ndilo lililonitia hofu. Alisimama ukingoni akauliza, si kwa ukali, "Salumu, huyu mama ni nani?"

Ningeweza kusema. Yalikuwa maneno mawili tu. Lakini nilimwona Zuhura anatazama paji la uso langu, kisha la mama, alama ni ile ile, nikaona posa ya Mwanaidi inaondoka na treni, nikaona kambi nzima ya Morogoro inanicheka, nikautoa mkono wangu kwenye mkono wa mama nikasema, "Simjui. Mwendawazimu huyu. Wako wengi huku."

Nilisema kwa Kiswahili nikidhani haelewi. Nilisahau kwamba kabla ya reli mama yangu aliwauzia unga watu wa misafara miaka mingi, Kiswahili cha sokoni alikijua chote.

Ngoma zikanyamaza moja moja. Mama alinitazama kidogo tu. Kisha akawatazama wageni wangu, nguo zao nzuri, mtandio ule chini, na nikaona ameelewa kila kitu, nilichokuwa nakificha na kwa nini. Akaokota kilemba, akakikung'uta vumbi kwa mkono uliokakamaa, akanikabidhi kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bwana," akasema. "Uniwie radhi. Macho ya uzee. Nilidhani mwanangu."

Na mimi nikaitikia, "Marahaba."

Ndiyo. Nilisema marahaba kwa mama yangu mzazi, mbele ya watu wote wale. Sikufikiri, ilitoka kwa mazoea ya stesheni, lakini ilitoka, na nyuma yangu mzee mmoja akaguna namna ambayo siwezi kuiga.

Mama alirudi akachukua ngoma yake. Akapiga. Ikapotea. Akaanza tena, ikapotea tena, wenzake wakatazamana, kwa maana mkono ule haukuwahi kupotea tangu wamjue. Akaiweka chini, akamwambia mdogo wake kitu sikioni, akaingia ndani ya tembe.

Tulirudi stesheni ya Kigwe kwa miguu, mimi kilemba nimekishika mkononi kwa sababu sikuwa na sababu tena ya kukivaa. Njiani Feruzi akauliza, "Na nyumbu je?" Nikasema hakukuwa na nyumbu. Akatikisa kichwa. "Nyumbu yule nilimpenda," akasema, na nikajua hata kusamehe anataka ila hajui aanzie wapi.

Zuhura ndiye aliyesema, tumekwisha keti kungoja treni. "Shemeji, mimi mama yangu aliletwa pwani na kamba shingoni, akauzwa, akatuzaa sisi wawili akafa. Hata kabila lake silijui. Nikisikia ngoma ya bara yoyote nasimama kutazama nyuso za wanawake, labda yuko anayefanana na mimi. Leo nilisimama hivyo hivyo." Akafuta macho. "Ungesema wewe Mgogo, Mwanaidi ningekupa na halua juu. Lakini wewe una mama, anakushika mkono, unamwita mwendawazimu. Mdogo wangu siku akikuaibisha utamwitaje?" Waliondoka kesho yake. Kikapu wakaniachia.

Nilipotoka kuwasindikiza sikurudi kwenye mizani, nilinyoosha Ihumwa. Sikumkuta. Nikangoja siku tatu, mjomba ananipita kama kisiki, mpaka mama akafika kutoka Kigwe, mikono mitupu. Ngoma alikuwa ameiacha kwa mdogo wake. Nilipiga magoti pale pale njiani nikalia, nikasema yote, Kondoa, Pangani, nyumbu, Mwanaidi. Nilitaka anitukane. Nilitaka anipige hata fimbo.

Akaniinua. "Wewe ulikuwa na wageni," akasema. "Mimi ndiye niliyekukosea. Nilikuona umejifunika, ningejua hutaki kuonekana. Furaha ilinizidi. Nisamehe, mwanangu. Je, yule binti wamekupa?"

Nikamdanganya. Nikasema bado wanafikiri.

Akafurahi. Akasaga uwele, akanipikia, akakaa ananitazama nikila. Kila aliponiona baada ya hapo aliuliza, wale watu wa pwani wamejibu? Nasema bado, mama. Na aliniambia tena na tena kwamba wakija wageni nimtumie habari mapema, yeye ataenda kwa mdogo wake Kigwe mpaka waondoke, asiniharibie. Nilikataa, nikaapa, nikamsihi, nikamwambia wakija nitakuweka kiti cha mbele. Alikuwa anacheka tu na kunipigapiga mgongoni, kama mtu anayembembeleza mtoto aliyeota ndoto mbaya. Hakuwahi kuniamini. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilipofika Dodoma, na njaa ikafuata, akafa, na nilipokuwa namfumba macho bado alikuwa anaamini kwamba siku ile aliyekosa ni yeye.

Basi ndiyo hivyo. Tangu wakati ule mtu akiniuliza kwetu, na hata asiponiuliza, namwambia mimi ni Ndahani, Mgogo wa Ihumwa, mtoto wa Nyemo mpiga ngoma. Namwambia mwenye duka, namwambia karani, nimemwambia mpaka Mwingereza aliyekuwa anauliza njia tu. Vijana husema mzee huyu naye, kaulizwa na nani? Waache waseme. Nitalisema mpaka nife, najua kabisa kwamba aliyelihitaji halisikii.