Kadi ya Mteja Mwenye Hasira

Cheo changu kipya kiliitwa mmiliki wa bidhaa, na nilichokimiliki kilikuwa kalamu na ukuta wa kubandikia kadi. Kampuni ilisafirisha mizigo, ofisi iko Kinondoni. Bidhaa yenyewe ilikuwa mfumo wa kupokea simu za wateja bila mtu. Kabla ya hapo mimi mwenyewe nilikuwa mpokea simu kwenye dawati la wateja. Kwa maneno mengine, nilipandishwa cheo ili niwatoe wenzangu kazini. Meneja hakusema hivyo. Alisema tunawapunguzia mzigo.

Aliyenifundisha kupokea simu ni dada mmoja wa Mwananyamala, mzaliwa wa hapahapa mjini, mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Mimi nilitoka bara nikiongea na wateja kama karani wa mahakama.

"Mtu mwenye hasira usimkatize, mdogo wangu," aliniambia. "Mwambie pole mama, niambie yote, nakusikiliza. Akishamwaga, ndo unamuuliza namba ya mzigo."

Mumewe alikuwa kitandani tangu apate kiharusi. Kazi ile ndiyo iliyolisha nyumba.

Mtaalamu aliyeletwa kunifundisha umiliki alisema kazi yangu ni kuamua kipi kijengwe kwanza, na kuwa na ujasiri wa kusema hapana. Nikamwamini, mjinga mimi. Kila hitaji liliandikwa kwenye kadi kwa mdomo wa mteja: Kama mteja, nataka kujua mzigo wangu ulipo, ili nisihangaike. Kadi za juu ndizo mafundi wa programu walizozijenga kwanza. Nikaandika ya kwangu: Kama mteja mwenye hasira, nataka kuongea na mtu. Nikaibandika juu kabisa. Kadi ile ilikuwa ajira ya dada yule, na nilijua.

Meneja aliisoma akiwa amesimama. Akachukua kalamu yangu, akakata neno "mtu", akaandika "mfumo".

"Hii ndo ishu yenyewe," akasema. "Wenye hasira ndo wanaotumalizia muda."

Nikasema hapana. Akacheka, tena kwa upole, akaniuliza kama nataka kurudi dawatini. Dawati gani? Nilimchukia siku ile na bado namchukia. Mafundi nao wakaniuliza mfumo umjibu nini mteja mwenye hasira, maana hilo pia ni la mmiliki kuamua. Nikawapa maneno niliyoyajua. Sikuwa na mengine.

Siku ya kuonyesha kazi, meneja akamwita dada aujaribu mfumo, kwa kuwa hakuna aliyewajua wateja kumzidi yeye. Akashika simu, akakohoa kidogo, akafoka.

"Nyie wezi! Vitambaa vya harusi ya mwanangu viko wapi? Mnataka aolewe na kanga moja?"

Chumba kizima kikacheka. Sauti laini ikamjibu kutoka kwenye spika: "Pole sana mama. Niambie yote, nakusikiliza."

Dada akaigeukia spika. Kisha akaendelea, akamwaga yote kwa uaminifu, akarukia hili na lile ili auchanganye. Mfumo ukamsubiri mpaka mwisho, ndipo ukamwomba namba ya mzigo.

"Uko vizuri," akasema, akiweka simu chini. Angeweza kusema umeharibika. Nilimwomba kimoyomoyo aseme umeharibika.

Meneja akanigeukia. Kwa utaratibu wetu, kazi haijaisha mpaka mmiliki aseme imekubalika. Nikasema imekubalika. Watu wakapiga makofi.

Dada hakupiga. Alinitazama mimi, si meneja, akauliza kwa sauti ya kawaida tu: "Sasa mdogo wangu, mie Jumatatu nije, nisije?"

Wote wakasubiri jibu langu, kwa kuwa mimi ndiye mmiliki. Nikatafuta la kumwambia, nikakuta yaleyale aliyonipa mwenyewe.

"Pole, dada," nikasema. "Niambie yote, nakusikiliza."

Alichukua mkoba wake akaondoka.