Namba Kumi na Moja kwa Foni ya Kilwa

Siku ya kwanza kwa kazi, Meneja wa boti hapa Nchelenge alinionyesha foni, ile redio ya kusemea na bandari ya Kilwa, ngambo ya ziwa, upande wa Zaire. Akagonga bateri. "Maneno mingi inaua hii. Weye wa darasa la ine, utaweza?"

"Ee, mukwai," nikamujibu kwa heshima.

Niliweza kupita wenye diploma. Ni mimi nilitengeneza vifupi: namba moja inabeba amri nzima. Mbili, tuma barafu. Tano, boti imejaa. Kumi na moja, usiache boti itoke, ziwa ni mubaya. Mimi nilibandika karatasi kwa ukuta. Mwenzangu wa Kilwa, Kasongo, aliweka zote kichwani. Meneja akanituma stesheni ya Kabuta nifundishe wengine, kisha akanirudisha, mukubwa wa foni.

Muchana moja upepo wa kusini ukaanza kupindua mitumbwi kwenye muchanga. Bibi yangu wa ndoa alikuwa Kilwa, amepeleka unga. Boti ilipashwa kumurudisha saa nane. Nikakamata foni mbio.

"Kilwa, kumi na moja! Kumi na moja!"

Sauti nisiyoijua ikajibu: "Kumi na moja ya nini, mukubwa? Magunia?"

"Kasongo iko wapi?"

"Malaria imemulalisha. Mimi ni karani wa magunia, nimekaa tu kwa nafasi yake."

Badala ya kumueleza, nikapiga kelele namba ileile. Mara tatu, mara ine. Sindano ya kupima bateri ikashuka. Meneja akanisukuma bega: "Huyu hajui vifupi vyako! Sema kama mutu!"

"Boti isitoke! Upepo!"

Foni ikakufa. Jibu hatukusikia.

Saa nane ikapita. Nilisimama kando ya maji. Kila kitu cheusi juu ya mawimbi niliona ni boti imepinduka. Meneja, mutu wa matusi, aliniletea chai. Hiyo iliniogopesha zaidi.

Kesho yake muchana, ziwa limetulia, boti ikafika. Bibi akashuka na hasira: "Ni mupumbavu gani alizuia boti, akatulalisha juu ya magunia ya chumvi?"

Nikabeba mizigo yake.

Sasa nimezeeka, nimeacha kazi. Vifupi vyangu vilizunguka stesheni zote za boti, na najivuna, sifichi. Lakini toka siku ile sikutuma hata namba moja bila kuuliza kwanza: "Nani uko pale?" Wenzangu walinicheka, eti napoteza bateri. Niliwaacha wacheke.