Sababu ya Asubuhi Ile

Jumapili iliyopita, kanisani kwetu Pangani hapa Kibaha, mchungaji alituambia kila mmoja amgeukie aliye karibu naye amtajie sababu moja ya kumsifu Mungu. Mama mmoja niliyekaa naye alitaja yake haraka: mwanawe kapata kazi. Ilipofika zamu yangu nikakohoa, nikajifanya natafuta leso. Mawazo yalikuwa yamekwisha kwenda Maneromango, jikoni kwa bibi.

Nikuambie, rafiki yangu, jikoni kwa bibi mzaa mama hakuna aliyekunywa uji kabla ya kutoa sababu. Tulikaa kuzunguka mafiga, moshi wa kuni za mkorosho unatutoa machozi, uji wa muhogo unatokota, kila mtu anasema leo anamshukuru Mungu kwa lipi. Na sababu ya jana haikupokelewa. "Angalia vizuri," bibi alikuwa akisema, "hakosi kukupa nyingine." Mimi nilikuwa mvivu: mvua, jua, mvua tena. Dada yangu ndiye aliyekuwa fundi. Alishukuru kwa kuwa kuku katagia ndani ya kofia ya marehemu babu. Alishukuru kwa kuwa mwalimu kasahau kukusanya madaftari ya hesabu. Bibi alijitahidi kukunja uso, akashindwa. Hata jirani yetu Mwislamu, akija kuomba moto, alisimama mlangoni na kaa lake kwenye kigae asikie kwanza ya dada, ndipo aseme alhamdulillahi na kwenda zake.

Masika moja dada alishikwa na homa. Dawa za zahanati ziliishusha, ikapanda tena, akaanza kuweweseka. Mganga wa zahanati akasema apelekwe hospitali, Kisarawe mjini. Lakini barabara ilikuwa tope tupu, na gari halikuonekana tangu mvua zianze. Baba alimpandisha kwenye baiskeli, akamfunga kwa kanga asianguke, mjomba akashikilia nyuma, mama akafuata kwa miguu. Mimi niliachwa na bibi, ambaye alishinda akimenya mihogo huku midomo yake inaomba.

Walirudi jioni. Baba alikuwa amembeba mgongoni, kafunikwa kanga mpaka kichwani. Dada alikata roho njiani, kabla hawajafika Kibuta.

Asubuhi baada ya mazishi, bibi aliwasha moto kama kawaida, akatukalisha. Alianza mwenyewe, kwa sauti ndogo.

"Nakushukuru, Baba, kwa kuwa ulitupa mtoto yule tukamfurahia." Kisha akamtazama mama. "Na wewe, mwanangu. Usiache leo. Ukiacha leo, hutarudi."

Mama aliweka bakuli chini. "Mama, leo usinidai kitu."

"Anayekudai si mimi."

"Basi huyo anayedai mwambie sina."

Akatoka. Hakukaa tena jikoni pale. Mvua zilipokatika baba alipata kazi ya ulinzi Kibaha, tukahama. Huku asubuhi tulikunywa chai kimya, kila mtu na kikombe chake. Bibi alibaki kule, na waliomtembelea walisema bado anataja sababu kwa sauti, peke yake, kana kwamba jiko limejaa watu. Yeye na mama walisalimiana, wakaulizana habari za shamba na afya, mpaka bibi akazikwa. La asubuhi ile hawakuligusa.

Mama sasa ni mzee, naishi naye. Jumapili ile nilimkuta barazani anachambua mchele, nikampa shikamoo, nikamweleza mahubiri yalivyokuwa. Aliendelea kuchambua hata nikadhani hakusikia.

"Sijui mama alitaka niseme nini siku ile," akasema. "Natafuta mpaka leo."

Nikaketi, nikachambua naye. Jiko la bibi limeanguka, shamba linalimwa mananasi na watu tusiowajua. Barabara imechongwa na kumwagwa kifusi, magari yanapita hata masika, na wenzangu wa kule huniambia tumshukuru Mungu kwa hilo. Nashukuru, kwa adabu. Ila zile sababu za dada hakuna tena wa kuzihadithia. Bibi amekwenda, jirani amekwenda, baba amekwenda. Tunaozikumbuka tumebaki mimi na mama, nasi tunakaa nyumba moja, na jina la dada hatulitaji.