Majani Mekundu ya Mlima wa Nyumbani

Kaka yangu mkubwa alirudi nyumbani Masii kutoka ng'ambo baada ya miaka saba, mwishoni mwa miaka ya tisini. Kila jioni mezani hadithi ilikuwa moja: jinsi kule, baridi ikikaribia, majani hugeuka mekundu na ya dhahabu, na watu hupanda milima kwenda kuyatazama tu. Kwenye mazishi ya baba hakuja. Hilo hakulitaja.

Mama alimsikiliza siku tatu. Siku ya nne akasema, "Kesho mtanisindikiza mlimani. Hata sisi tuko na majani."

Ilikuwa Julai, mvua zimekwisha, wakati ambapo miti ya miama mlimani nyuma ya boma letu hubadilika rangi kabla ya kupukutisha. Mama alikuwa na goti bovu, lakini alivaa raba, akatia muthokoi wa chakula cha mchana kwenye kiondo, akatangulia. Kila penye mwamba alisimama akijifanya anatuonyesha kitu, kumbe anatafuta pumzi. Kaka alifuata nyuma akilalamikia vumbi kwenye viatu vyake.

Tulipofika juu, ubavu wote wa bonde ulikuwa umewaka: nyekundu, njano, rangi ya shaba. Hata mimi niliyezaliwa hapo nilisogea hadi ukingoni nitazame.

"Haya, tazama," mama akasema, akitabasamu kama mtu aliyeandaa karamu.

"Mwaitu, huu ni ukame tu," kaka akamjibu. "Majani yanakufa."

Mama akacheka kidogo, akajifuta jasho kwa leso. "Ni kweli. Ni ukame."

Baba alipokuwa mgonjwa, kila asubuhi alitaka kiti chake kigeuzwe kielekee mlima ule. Nilimwambia kaka hivyo, kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwa mkubwa wangu. Akainua mabega.

"Basi mpige mama picha," nikasema. Kamera ilikuwa inaning'inia shingoni mwake.

"Filamu imebakisha mbili tu. Nataka kuzipiga Nairobi."

Nikamvua ile kamera. Sikuomba. Nilimsimamisha mama mbele ya miama, nikapiga ya kwanza, nikapiga na ya pili, kaka akinifokea, "Umerogwa?" Mama alisimama wima, mikono kando, kama anayepigwa picha ya kitambulisho, macho yake yakitusihi tunyamaze.

Tulishuka. Muthokoi ulirudi nyumbani haujaguswa.

Wiki iliyofuata kaka akasafiri na filamu yake. Nilimwandikia barua mbili kuomba picha zile. Alijibu ya pili, akaeleza habari za kazi mpya na theluji.

Mama hakuweza kupanda tena. Majirani wakimuuliza kuhusu mwanawe, alisema walipanda mlima pamoja, na kijana akafurahi sana. Mimi nilikuwa jikoni, nasikia, nasugua sufuria hadi vidole viume. Kaka nilimkasirikia miaka mingi. Mama nilimkasirikia kwa uongo ule, na sikupata kumwambia.