Maji ya Kunyweshwa

Kwetu Mukuju maji ya kisima cha pampu yana ladha ya msumari. Ukipika chai, inakuwa nyeusi kabla hujatia majani. Nasema hivi mjue mdomo wangu ulitoka wapi, siku nilipofika kwenye ile chemchemi.

Iko kwenye kisiwa kidogo ziwani, mbele ya Majanji. Ukikizunguka, unarudi na sufuria ya maharagwe haijachemka. Mama mkwe wangu alizaliwa hapo, akaolewa bara. Sasa macho yanamwisha, na alibaki na ombi moja tu: anywe tena maji ya kwao kabla giza halijamfungia nyumbani.

Sasa, mimi ni mtu wa zamani. Kwetu mkwe na mama mkwe hawasogeleani. Nikimwona njiani naingia kwenye mihogo ya watu. Vijana wa leo wanapiga picha wamekumbatiana na mama wakwe zao, tena wanacheka. Mimi nikijaribu nitazimia. Kwa hiyo kwenye mtumbwi yeye alikaa mbele, mimi nyuma, mke wangu katikati kama ukuta. Na ukuta wenyewe ulitapika njia nzima. Tulipofika, ukalala kwenye nyasi. Mwenye mtumbwi akatuambia tufanye haraka, mawimbi yanapanda.

"Mpeleke mama yako," mke wangu akasema.

"Mama yangu? Mama yako!"

"Leo ni wako. Mzee, usinichekeshe, nitatapika tena."

Mama mkwe alikuwa ameshaondoka. Haoni vizuri, lakini miguu yake ilijua kila jiwe. Mimi mwenye macho ndiye niliyejikwaa nyuma yake.

Hiyo chemchemi, jamani! Inatoka kwenye ufa wa mwamba, juu, mbali na ziwa. Ziwa likigeuka kijani, yenyewe inabaki safi. Mchanga unacheza chini utafikiri unachemka, lakini tia mkono: baridi. Wanasema mama mmoja alifika hapo na mtoto mwenye kiu, akamwombea mtoto maji, yeye mwenyewe hakujiombea, na mwamba ukapasuka. Ndiyo maana pale hakuna anayejichotea. Unanyweshwa na mwenzako, kwa viganja vyake. Kikombe hakiruhusiwi, chupa ndiyo kabisa.

Tukasimama. Yeye hapa, mimi pale, na mtu wa tatu hakuna. Alikuwa anasikiliza yale maji. Nikaona tutarudi hivyo hivyo, na safari nyingine hataiweza.

"Mkwe," akasema, uso pembeni. Hakuwahi kuniita. "Upo?"

"Nipo, mama."

"Kata jani la mgomba. Refu. Halafu geuka."

Nikakata. Ncha moja nikaiweka ukingoni, nyingine akaishika yeye. Nikachota kwa viganja, nikamwaga juu ya jani, macho yangu ziwani. Nilimsikia akimeza.

"Umechoka?"

"Bado, mama."

"Basi leta."

Aliposhiba akaniambia niende upande wake wa jani, naye akaanza kuchota. Maji yale hayana ladha ya kitu chochote, na ndio utamu wenyewe. Nilikunywa mpaka shati likalowa.

Kule chini mke wangu ameketi, kanga kichwani.

"Umekunywa, mama?"

"Nimekunywa."

"Nani alikunywesha?"

Mama mkwe akafuta kidevu.

"Jani," akasema, akaenda kukaa mbele ya mtumbwi.