Walioachana na Dalali

Miaka thelathini na kitu nimesahihisha madaftari ya watoto wa watu, na sijapata kumpa mtu alama kwa furaha kama nilivyompa yule dalali wa mtandaoni: tisini na moja kwa mia. Nilipiga mstari chini yake kwa wino mwekundu. Kisha nikamwita mke wangu aje aone.

Nieleze kwanza. Nilikuwa nimestaafu ualimu, kiinua mgongo kimeshaingia benki, na sisi wawili tunakaa Mtanda, hapa Lindi mjini, kwenye nyumba ambayo kila masika hutukumbusha umri wake. Fedha ile ndiyo iliyokuwa ya kutulea uzeeni. Hapakuwa na nyingine. Shamba sina, duka sina, na watoto wana watoto wao. Basi kwenye kundi letu la wastaafu katika simu, ambako zamani tulikuwa tunatumiana dua na dawa za magoti, wakaanza kuzungumzia biashara ya mtandaoni: unanunua dhahabu, unauza fedha za kigeni, unachukua hisa, yote umekaa zako kibarazani. Unachohitaji ni dalali tu, maana sokoni huwezi kuingia mwenyewe. Na madalali wako wengi, wote wanacheka kwenye picha.

Sikukurupuka, jamani, nisisingiziwe. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nilichukua daftari nikachora jedwali. Madalali watatu niliowachuja walikaa upande wa kushoto, na juu nikaandika masomo yao: ada, kiasi cha kuanzia, urahisi wa programu ya simu, wepesi wa kujibu, zawadi. Wa kwanza ndiye aliyevuma kwenye kundi letu. Akaunti unafungua kwa dakika tano, ada hakuna, na ukiweka fedha kabla ya Ijumaa anakuongezea nusu yake, bonasi. Wa pili alikuwa mkubwa wa nje ya nchi, ana ofisi kwenye miji ambayo mimi nimeiona kwenye ramani ya ukutani tu. Wa tatu alikuwa wa Dar es Salaam, mwenye leseni ya serikali ya kununua na kuuza hisa. Huyu alinichosha. Fomu kurasa nne, picha ndogo mbili, subiri siku kadhaa, halafu kila ukinunua na kila ukiuza anakata chake. Nikampa thelathini na nane. Darasani kwangu hiyo ni kurudia mwaka.

Mke wangu ni fundi cherehani. Lakini mtaani ana kazi nyingine, haina mshahara wala likizo: binti wa mtu akiposwa, wazazi humtuma yeye akamuulizie mwoaji. Na yeye haendi kwa mama wa mwanamume, wala kwa rafiki zake. Anamtafuta mwanamke aliyewahi kuachwa na mtu huyo, kama yupo. Anakaa naye, wanakunywa chai, wanazungumza habari za vitambaa, na akirudi anajua kila kitu. Nimeshuhudia posa mbili za watu wazito zikivunjika kwa ajili ya kikombe kimoja cha chai.

Alikuja na utepe wa kupimia unaning'inia shingoni, akalisoma jedwali langu polepole, mstari kwa mstari.

"Mwalimu," akasema, "hapa umeandika wanavyoposa."

"Wanavyoposa vipi?"

"Zawadi, maneno matamu, kuja mbio. Hiyo ni posa. Wanavyoacha umeandika wapi?"

Nilikasirika. Nasema kweli, nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Nikamwambia huyu ni dalali, si mchumba. Nikamwambia Ijumaa haimsubiri mtu. Nikamwambia na mengine ambayo siyarudii hapa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema fedha ni zangu, miguu iliyosimama mbele ya ubao miaka yote hiyo ni yangu, na hatanikataza. Anaomba wiki moja tu.

"Wiki moja bonasi itakuwa imepita!"

"Ipite. Mwoaji anayekuhimiza hivyo ana haraka ya nini?"

Nikampa hiyo wiki kwa shingo upande. Yule wa kwanza nilikuwa nimeshampelekea picha ya kitambulisho changu; ilibaki kubonyeza tu.

Sijui alianzia wapi. Ninachojua ni kwamba mwanamke asiyejua hata dhahabu inauzwaje ndani ya simu alikaa kwenye cherehani yake, simu kaibana baina ya sikio na bega, na wateja wakawa wanamuunganisha na dada zao, na dada zao na majirani zao. Hakuuliza nani amepata. Aliuliza nani ametoka. "Nitafutie aliyeachana naye," ndivyo alivyokuwa akisema, na ajabu ni kwamba kila mtu alimwelewa. Mimi na jedwali langu nilikuwa nakaa pembeni, najifanya nasoma gazeti.

Siku ya tatu akampata wa dalali wangu wa tisini na moja: mama mmoja wa Kilwa Masoko, muuza vitenge. Mama yule aliweka fedha, akapewa bonasi, akaona kwenye skrini mtaji wake umezaa. Alipotaka kuzitoa akaambiwa alipe kodi kwanza. Akalipa. Akaambiwa kuna ada ya uhakiki. Akalipa. Tangu hapo anaandika hajibiwi, na fedha zake anaziona kwenye skrini kila siku ya Mungu.

"Huyo hakuachwa," mke wangu akaniambia, huku anakata uzi kwa meno. "Katundikwa. Si mke, si mtalaka."

Nikasema labda mama mwenyewe kakosea kubonyeza. Naona haya nikikumbuka.

Wa pili alimpatia mtu Songo Songo, fundi wa mitambo kule kwenye gesi. Huyu alipoteza karibu fedha zote, na alikiri kwamba aliyezipoteza ni yeye mwenyewe. Dalali alimpa nguvu ya kununua mara mia ya alichokuwa nacho. Mke wangu akamkatiza: hizo mara mia zinatoka wapi? Fundi akaeleza kwa kirefu, kwa maneno ya kitaalamu.

"Kumbe mkopo," mke wangu akasema.

Fundi akasema ndiyo, mama, ni mkopo, ila hakuwahi kuuita hivyo. Hata hivyo, siku alipoomba kilichobaki alipewa chote, bila maneno. Mke wangu akamtendea haki dalali yule: mkweli, anaacha vizuri, lakini nyumbani kwake panachezwa kamari, na sisi umri wa kamari hatuna.

Kwa yule wa tatu hakwenda mbali. Mtaa wa pili kutoka kwetu anakaa muuguzi ambaye alikuwa akinunua hisa kidogo kidogo kwa miaka, mpaka siku alipotaka kuziuza zote alipe ada ya chuo ya mwanawe. Dalali akampigia simu kumuuliza anahitaji kiasi gani hasa. Akamshauri auze zinazotosha ada tu, nyingine aziache, maana gawio lilikuwa karibu kutoka. Kumbuka, angeuza zote dalali angekata zaidi. Siku chache baadaye fedha zikaingia benki, zimepungua ile ada ya dalali tu waliyokubaliana tangu mwanzo, na si zaidi.

"Huyu anaacha kwa wema," mke wangu akasema, akaweka mkasi chini.

"Huyu ana thelathini na nane."

"Basi msahihishie upya."

Nilinuna, ingawa kubonyeza sikuthubutu tena. Alizileta zile fomu za Dar es Salaam, nikazitia kabatini. Ijumaa ikapita, na kwenye kundi watu wakawa wanapongezana, wanatumiana picha za faida zao, na mimi kila asubuhi napiga hesabu ya bonasi niliyonyimwa. Wiki kadhaa tuliishi hivyo, nakula chakula chake kizuri huku nimevimba.

Kisha asubuhi moja programu ya yule dalali wa kwanza ikagoma kufunguka, kwa kila mtu. Aliyeileta kwenye kundi akajitoa. Mchana akanipigia mwalimu mwenzangu, tuliyekaa naye ofisi moja miaka kumi na moja. Alikuwa ameweka kiinua mgongo chote. Hakulia. Aliniuliza kama najua shule yoyote inayotaka mwalimu wa kibarua. Ana miaka sitini na mbili.

Nilimfuata mke wangu kwenye cherehani. Nikamuuliza akili ile kaitoa wapi.

"Akili gani? Ndivyo ninavyoulizia watu wote."

"Wote?"

"Hata wewe."

Ni kweli, kabla yake niliwahi kuoa, nilipokuwa mwalimu kijana kule Mitole. Ndoa ya miaka mitatu, ikaisha bila kelele. Lakini huyu tumeoana miaka ishirini na sita na hakuwahi kunigusia.

"Nilipanda gari mpaka Mitole kabla sijajibu posa yako," akasema. "Mtalaka wako alinipikia muhogo. Akasema hukumpiga, hukumtukana, eda yake ulimtunza mpaka siku ya mwisho, na kitanda chake ulikibeba mwenyewe mpaka kwao. Akaniambia, kubali. Ila..."

"Ila nini?"

"Ila fedha usimwachie. Anaamini kila anayecheka."

Loo! Miaka yote hiyo nimekuwa nikijigamba barazani kwamba mimi ni mwanamume wa pekee, mshahara namkabidhi mke wangu mkononi kwa hiari yangu. Kumbe wanawake wawili walishalimaliza jambo hilo juu ya sahani ya muhogo, mimi sipo. Na wasingelimaliza, mchana ule ningekuwa namsaidia mwenzangu kutafuta kibarua huku najitafutia na mimi.

Nilikwenda kabatini nikazitoa zile fomu, nikazipangusa vumbi. Hapo ndipo nilipoona kwamba alikuwa ameomba za akaunti ya watu wawili. Mwisho wa ukurasa wa nne palikuwa na nafasi mbili za sahihi. Nikampa kalamu aanze yeye.