Alisema Msifunge

Shangazi yangu Blandina Mbwambo haamini mizimu. Ni mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri kule Mamba, juu milimani, na ukimletea habari za wafu wanaotembea atakuuliza kama huna kazi ya kufanya. Lakini siku hizi jua likianza kuzama hakai peke yake kiwandani kwake. Mimi nauza pembejeo Same mjini na simo katika biashara yake. Sababu naijua kwa kuwa alinieleza mwenyewe.

Kiwanda ni neno kubwa. Ni banda la mabati lenye mashine ya kukata tangawizi, vichanja vya kuanikia na kinu cha kusagia. Shangazi alianza na kisu na turubai. Nguvu ya kweli ilikuja na Mzee Melkizedeki Mgonja, aliyekuwa na malori Same, akayauza alipozeeka. Sisi Wapare tunasemwa nchi nzima kwa ubahili, na sitabisha, maana kubisha ndiyo sifa yetu ya pili. Mzee huyu alitoa fedha zote za malori, akasema hataki riba. Alitaka nusu ya kiwanda: wakipata wagawane, wakikosa walie wote. Watu walidhani amerogwa.

Kwa miaka michache walipata. Kisha bei ikaporomoka. Wanunuzi wa Nairobi wakaacha kupokea simu, dizeli ikapanda, magunia yakajaa banda hadi mlangoni. Mzee Melkizedeki akapanda mlima, akakaa juu ya gunia kama kawaida yake.

"Blandina mwanangu, tufunge," alisema. "Mashine bado ina bei. Tuuze, tuwalipe wakulima, kila mtu arudi kwake na heshima yake."

"Mzee, tusubiri msimu mmoja."

"Lori bovu halisubiriwi. Linauzwa likiwa bado linatembea."

Waligombana. Shangazi ana ulimi, na siku ile aliutumia: alimwambia mwenye moyo mdogo asiingize fedha yake katika shughuli za watu. Yule mzee akainuka, akateremka kurudi Same. Hazikupita siku nyingi, presha ikamwangusha nyumbani kwake, na hakuamka tena.

Tulimzika Mamba, kwao. Wakulima walikuja wote, na chini ya maturubai walikuwa wakinong'onezana: mwenye fedha amekufa, kesho tukachukue mzigo wetu tuwape madalali. Bila mzigo wao hakuna kiwanda, na shangazi aliyasikia yote. Ulipofika wakati wa salamu za rambirambi alisimama, jeneza likiwa mbele yake.

"Mara ya mwisho nilipoonana na mzee," alisema, "alinishika mkono, akaniambia: Blandina, hata mkila ugali kwa chumvi, kiwanda msifunge."

Kwetu neno la mwisho la mtu si la kuchezea. Mtu hai unaweza kumbembeleza akabadili mawazo, lakini marehemu utambembelezea wapi? Wanaume walikohoa, wanawake wakalia, na mjane wake, Mama Mgonja, alijifunika uso kwa khanga. Hakuna aliyekwenda kuchukua gunia lake. Waliendelea kuleta tangawizi kwa mali kauli, malipo baada ya mauzo, msimu ule na uliofuata, mpaka bei ikanyanyuka na wote wakalipwa. Wengine waliokuwa na mashine kama ile walikwisha kufunga zamani. Walikuja hata vijana wa mfuko mmoja wa uwekezaji kutoka Dar, na kompyuta zao, kumuuliza shangazi aliuvukaje msukosuko ule. Akawajibu, "Imani." Wakaandika.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Labda kwenye tambarare. Huku kwetu milimani njia huzunguka sana kabla ya kufika.

Ndipo mzee alipoanza kuja. Si ndotoni, hapana. Ni jioni, wafanyakazi wakishaondoka. Shangazi akiwa amempa mgongo, husikia tangawizi kavu ikilalama ndani ya gunia, vile inavyolalama mtu akiikalia. Akigeuka, hakuna mtu, ila gunia limebonyea katikati.

"Angenitukana ningepumzika," aliniambia. "Anakaa tu. Kama anasubiri nimalize kazi tuongee."

Nilimwambia ni panya. Alinitazama kwa huruma. Jioni moja nilikwenda kukaa naye, nikiwa na ushujaa wote wa mtu wa mjini, na niliposikia ile sauti nyuma yangu nilitoka mbio zaidi ya inavyompasa mtu mzima mwenye familia. Niliogopa, na bado naogopa.

Mwaka huu bei imeanguka tena, vibaya kuliko mara ile, na ugonjwa wa kuoza umeingia mashambani. Safari hii shangazi mwenyewe ndiye aliyeona kwamba hakuna la kusubiri. Akiuza mashine sasa, wakulima watalipwa. Akichelewa, kila gunia linaloingia ni watoto wa mtu watakaokosa ada. Aliitisha kikao, akawaambia anafunga. Wakakataa. Lukasi, mkulima wake mkubwa kuliko wote, alisimama akiwa amekasirika kweli.

"Mzee alisema msifunge," alisema. "Tulimsikiliza, tukapona. Leo wewe unataka kumkosoa marehemu?"

Kesho yake walileta mzigo mwingi zaidi, kwa mali kauli. Wengine walikuwa wamekopa ili wapande tena. Wengine waling'oa migomba, na Mpare anayeng'oa mgomba wake ujue amekwisha kuamini. Shangazi akawa anapokea magunia asiyoweza kuyalipia. Hapo ndipo aliponiita, akanieleza kila kitu, akaniomba nimsindikize kwa Mama Mgonja. Mjane yule angeusikia ukweli, awaambie wakulima, nao wangemwamini yeye.

Nilikasirika, sifichi. Kufa kufaana, sawa, lakini si kwa namna ile. Hata hivyo ni shangazi yangu, akateremka Same, tukaenda pamoja.

"Shikamoo, mama," tulisema.

"Marahaba, wanangu. Karibuni ndani."

Shangazi hakungoja kuketi vizuri.

"Mama, mzee hakusema vile. Alisema tufunge. Siku ile mbele ya jeneza nilidanganya, nilimsingizia. Naomba unisamehe, na uwaambie watu."

Nilingojea kilio, au laana, au walau kesi, maana Mpare na kesi wanajuana. Mama Mgonja alimtazama kwa upole, akacheka kidogo.

"Blandina, umechoka, mwanangu. Shida zinakuchanganya. Mbona mzee mwenyewe hunijia? Tangu bei ianguke anakuja, anasimama pale mlangoni na koti lake la kazini. Anasema, waambie wasifunge."

"Mama, hakusema!"

"Wewe alikuambia mara moja, ndiyo maana unasahau. Mimi ananiambia kila siku."

Nilitazama ule mlango bila kutaka. Shangazi alipiga magoti sakafuni, akarudia maneno yote tangu mwanzo, ugomvi, gunia, jeneza, mpaka sauti ikamkauka. Mama Mgonja alimsikiliza kama anavyosikilizwa mgonjwa wa homa. Kisha akamfuta machozi kwa ncha ya khanga yake.

"Nilitaka iwe habari njema ya kukushtukiza," alisema. "Shamba langu la kijijini Kisiwani nimeliuza. Watoto wamenuna, watazoea. Fedha nimeiingiza kwenye akaunti ya kiwanda leo asubuhi. Angalia simu yako."

Shangazi hakuiangalia simu, akanipa mimi. Ujumbe wa benki ulikuwepo. Niliusoma, nikamrudishia simu, naye alijua.

"Mama, rudisha," alisema. "Nakuomba. Ulinunue tena shamba."

"Mnunuzi ameshaanza kulima, mwanangu."

Akaweka mkono juu ya kichwa cha shangazi, akaanza kumwombea ili imani yake isipungue.